Mtu wa Swichi

Marehemu mume wangu alikuwa mwoga, na hakuona haya kuambiwa hivyo. Kwetu Puge, mwanamume anayevaa kofia ngumu, miwani ya plastiki, glavu za ngozi na buti za mvua ili akate kuni za kupikia uani kwake mwenyewe lazima achekwe. Alichekwa miaka mingi, na jibu lake lilikuwa lile lile: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Akishasema hivyo anafunga mkanda wa kofia chini ya kidevu na kwenda kupambana na gogo la mwarobaini lisilozidi unene wa paja langu.

Alikuwa seremala. Umeme ulipofika kijijini, kila nyumba ilinunua wazimu wake. Mmoja alileta redio inayotikisa bati, mwingine akaleta friji akawa anauza barafu. Sisi tulipata chenso, msumeno wa mnyororo, lakini si ile ya petroli inayopiga kelele msituni. Yetu ilikuwa ya umeme, aliyoinunua Tabora mjini, mtaa wa Ng'ambo, kwenye duka la vifaa vilivyokwisha tumika. Alirudi nayo ameipakata kwenye basi kama mtoto mgonjwa. Pamoja nayo alileta waya mnene wa rangi ya machungwa, mrefu wa kutoka barazani mpaka mwisho wa ua, na kazi mpya kwa ajili yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa kusimama ukutani. Chenso ya petroli, alinieleza, ukiona mambo yameharibika unaizima mkononi. Hii ya umeme nguvu yake inatoka ukutani, kwa hiyo ukutani lazima pawe na mtu. Mtu huyo anaweka mkono kwenye swichi na macho kwa mkataji. Hatazami wapita njia, hapepeti mchele, hasikilizi umbea. Kabla ya kila mkato mume wangu aliinua kichwa na kuita, "Upo?" Nami nilitakiwa kuinua mkono wa kushoto na kujibu, "Nipo." Bila nipo hakati. Nikiingia ndani kugeuza maharage, namkuta ameweka chenso chini, amekunja mikono, anangoja.

Sikuipenda kazi ile, niseme kweli. Mboga zangu ziliungua. Wageni walinikuta nimeganda pale barazani nimenyoosha mkono kama askari wa barabarani. Nilimwambia mara nyingi kwamba angeoa mke wa pili awe wa swichi, mimi nibaki wa jikoni. Yeye alicheka, lakini hakuwasha.

Hata hivyo, mtu akisimama mahali pamoja miaka yote hiyo, atajifunza tu. Nilijua kwamba waya ule haukunjuliwi nusu nusu, unakunjuliwa wote, kwa sababu ukibaki umeviringwa huku unapitisha moto mkubwa, unajipika wenyewe. Nilijua unapita nyuma ya mkataji, juu ya bega la kulia, kamwe si mbele ya mnyororo. Mnyororo hukaguliwa plagi ikiwa imechomolewa: unauvuta kidogo kwa glavu, na ukiuachia unarudi kukaa mahali pake. Upanga wake, kile chuma bapa ambacho mnyororo unakizunguka, una ncha, na sehemu ya juu ya ncha ile haiguswi na mti, maana ikigusa inaruka na kumrudia mwenyewe usoni. Chenso haipandi ngazi wala haivuki mabega. Na umeme wetu unaondoka bila kuaga na kurudi bila hodi, kwa hiyo ukikatika unatoa kidole hapo hapo na kuchomoa plagi, ndipo uanze kulalamika.

Yote hayo niliyajua kwa macho. Mikono yangu haikuwahi kuishika ile chenso ikiwa inanguruma.

Mume wangu aliuawa na presha, wakati wa kipupwe. Mtu aliyejikinga na mnyororo miaka yote aliangukia bafuni akiwa na taulo. Sitaeleza zaidi ya hapo. Ninachotaka kueleza ni mazishi yake, kwa sababu pale ndipo nilipokosana na mtani.

Mtani huyu alikuwa jirani yetu, ng'ambo ya shamba la karanga. Ni Mgogo, alifika Puge kijana kuchunga ng'ombe wa mtu, akaoa, akazika mke, akazeeka hapa hapa. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, wakati mababu wa huku walipobeba meno ya tembo kwenda pwani na kupita katikati ya nchi kavu ya kwao. Maji ya kule yalikuwa na wenyewe, na mpita njia alitoa hongo ndipo anywe. Basi kila asubuhi mtani aliingia kwetu bila hodi, akafunua sufuria langu, na kumwambia mume wangu, "Maji yetu mliyokunywa mkienda pwani yarudisheni." Mume wangu alimjibu kwamba yalikuwa na chumvi na wabeba mizigo wote waliharisha. Walikuwa wakirushiana maneno hayo hayo kila siku na kila siku wakacheka. Mimi nilizaliwa Ulyankulu, kwa wazazi waliotoka Burundi, kwa hiyo katika vita ile nilikuwa mtazamaji, ila chai niliwapa wote.

Kwenye mazishi ya Mnyamwezi mtani ana ruhusa zake. Anaweza kuzuia jeneza, anaweza kulala kaburini, anaweza kumwigiza marehemu mpaka waombolezaji washindwe kulia. Na anaweza kukamata kitu cha marehemu akasema hakitoki mpaka kikombolewe, na watu wa nyumba ile watakikomboa kwa kuku au kibuyu cha pombe. Niliyajua haya. Nilikuwa nimekwisha yacheka sana kwenye misiba ya watu wengine.

Siku ile alitokea upande wa karakana amevaa kofia ngumu ya mume wangu, miwani yake, glavu zake na buti zake. Chenso ilikuwa mkononi, na ule waya wa machungwa ukiburuta nyuma. Watu wakaanza kuguna. Alitazama juu, akatazama chini, akapima njia ya kukimbilia, akarudi nyuma akafuta buti, akatazama juu tena. Alikuwa ni yeye hasa, mpaka ile namna yake ya kusafisha koo. Watu walicheka huku wanajifuta machozi. Katekista aliziba mdomo kwa kitabu cha sala. Kisha mtani akasimama kwenye ukingo wa kaburi, akainua kichwa, akaita, "Upo?"

Niliinuka kwenye mkeka, nikapita katikati ya wanawake, nikaingia ndani na kufunga mlango. Kupitia dirishani nilimwona amevua kofia. Alirudisha vitu vyote barazani isipokuwa waya. Ule aliuviringa, akautundika begani na kutangaza kwamba umekamatwa. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida, lakini mimi sikuwa na nafasi ya kupima sauti za watu.

Matanga yalikwisha. Shemeji zangu walitoa kuku na pombe kwa vitu vilivyokamatwa, nami nikachukulia kwamba waya nao umo. Nilikotoka sikuwahi kumwona mjane akihangaika na ukombozi, hiyo ilikuwa shughuli ya wanaume wa ukoo. Sikuuliza. Watoto wangu walirudi Dar es Salaam na Mwanza, kila mmoja akiacha dawa, simu na maagizo.

Ndipo nyumba ikawa kubwa. Sikujua kwamba upweke unaanzia jikoni. Kwa wiki nyingi nilisonga ugali wa watu wawili, na asubuhi kuku walikula nusu yake. Baadaye nikaacha kusonga, nikawa natafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga nimesimama dirishani, kwa sababu kukaa mezani kulihitaji sababu. Nilianza kumjibu mtangazaji wa redio. Wanawake wa jumuiya walikuja kusali kila Jumamosi, wakaimba vizuri, wakaondoka, na ukimya waliouacha ulikuwa mzito kuliko ule waliouvunja. Nilikuwa mpweke, sina neno la kupamba.

Na mtani hakuja. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nilimwona akipita njiani na maksai wake, anatazama upande wangu, anapita. Mtu aliyefunua sufuria langu kila siku alikuwa anapita kama mbele ya nyumba ya serikali. Waya pia haukurudi. Nikaona nimeelewa: kumbe urafiki wote ule ulikuwa kwa ajili ya mume wangu, na kwangu alikuwa anataka waya tu, na ameshaupata. Nikamkasirikia kwa bidii. Hasira ni mgeni mbaya, lakini angalau inakaa na wewe.

Nyuma ya chumba changu cha kulala kulikuwa na mjohoro. Mume wangu aliupanda tulipojenga, ukatupa kivuli, baadaye mchwa wakauingia. Ulikuwa umeanza kuegemea upande wa nyumba. Yeye alikuwa amepanga kuukata kiangazi kile, akafa kabla. Mwishoni mwa kiangazi ukapiga upepo wa kwanza wa kuleta mvua, ule wa vumbi, na asubuhi nikakuta ardhi imepasuka kwenye mizizi, ufa wa kuingiza mkono. Mvua moja nzuri ingeulaza mti ule juu ya bati, na chini ya bati lile kulikuwa na kitanda changu.

Mwanangu wa Dar alisema kwenye simu, "Mama, hamia chumba cha mbele. Au njoo huku kabisa, unafanya nini peke yako?" Sikutaka. Chumba kile ndicho nilicholala na mume wangu tangu nikiwa msichana, na dirisha lake ndilo linaloingiza jua la asubuhi. Nilikuwa nimeshapoteza mtu wa kulala upande wa ukutani. Ukuta wenyewe sikuwa tayari kuutoa.

Nikamwita mtu mwenye chenso ya petroli. Alikuja kwa ndala na kaptula, akaiwasha kwa kuivuta huku anaining'iniza mkononi, akaitupa begani ikiwa inazunguka, akaomba ngazi. Nilimuuliza ngazi ya nini. Akasema anapanda nayo juu aanze na matawi. Nikampa maji ya kunywa na kumwambia aende salama. Alinitazama kama mtu anayetazama kichaa, lakini mume wangu aliniambukiza uoga, na ule ugonjwa hauna dawa.

Kwa hiyo nikaamua kuukata mwenyewe.

Nilianza na gogo lililolala chini, kwa mazoezi. Nilivaa buti zake nikajaza vitambaa mbele, nikafunga kofia, nikavaa miwani. Waya mnene haukuwepo, nikachukua ekstensheni nyeupe ya kuchajia simu na kuwashia redio, waya mwembamba kama utambi wa taa. Nilijua haufai. Nilijua kabisa, ila nilijiambia ni gogo moja tu. Nikachomeka, nikaenda kusimama mahali alipokuwa akisimama yeye, na bila kufikiri nikainua kichwa nikaita, "Upo?"

Baraza lilikuwa tupu. Swichi ilikuwa imewaka, na mbele yake hapakuwa na mtu. Kwa mara ya kwanza niliona alichokuwa akikiona yeye miaka yote, ule ukuta na mlango na mwanamke aliyenyoosha mkono, na mimi nilikuwa naona ukuta na mlango. Kisha nikakata hivyo hivyo.

Chenso ilikohoa badala ya kunguruma, kwa sababu waya mwembamba haufikishi nguvu. Ikazama katikati ya gogo taratibu, na hewani kukaanza kunuka mpira unaoungua. Kabla sijajua nifanye nini umeme ukakatika. Hapo nikasahau kila kitu. Kidole kilibaki kwenye kitufe. Nilikuwa nauvuta ule upanga uliobanwa, nauvuta kwa hasira, ninamlaani mtani na waya wake, na ncha ndiyo inaanza kutoka umeme uliporudi.

Ilinirukia. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Kile kikinga kilicho mbele ya mkono wa kushoto kiliugonga mkono wangu, na kikigongwa mnyororo husimama papo hapo, ndiyo kazi yake. Upanga ulifika kwenye ukingo wa kofia umeshakufa. Uliacha alama pale, mkwaruzo mfupi.

Nilichomoa plagi. Waya mweupe ulikuwa umelainika kama mshumaa. Nikakaa juu ya gogo na kofia kichwani, nikalia kwa sauti, kwa sababu hakuna aliyekuwa karibu wa kunisikia, na hilo hasa ndilo nililokuwa nalililia. Ilikuwa Jumatatu. Kama mnyororo ungenipata, wanawake wa jumuiya wangenikuta Jumamosi.

Jioni ile nilikwenda kwa mtani, si kwa amani. Nilikwenda kudai mali yangu.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda anabangua karanga za mbegu. Waya wa machungwa ulikuwa umetundikwa kwenye nguzo ya baraza, mbele kabisa, mahali ambapo kila apitaye anauona. Ulikuwa umefutwa vumbi na kuviringwa duara pana pana, kama mume wangu alivyokuwa akiuviringa.

"Mwadila, shemeji," alinisalimu.

"Nimefuata waya wangu."

Alitazama mikono yangu, wa kulia na wa kushoto. "Kuku yuko wapi?"

Damu ilinipanda kichwani. "Mume wangu yuko kaburini, wewe unaniuliza habari za kuku?"

"Mume wako yuko kaburini tangu kipupwe," alisema, "na mimi namngoja kuku tangu kipupwe. Kila nikipita natazama mlango wako. Nasema leo atatoka, hata na kifaranga."

"Shemeji zangu walikomboa."

"Walikomboa jembe na viatu, vitu vya kaka yao. Waya ni wako. Nani alikuwa anashika swichi, wao?"

"Ungeuleta tu. Ungeona nakaa peke yangu ukauleta."

Aliacha kubangua. "Mtani akirudisha kitu bila kukombolewa, amesema utani umekwisha. Nikuletee waya, nikuambie shika, tumemalizana? Nilishindwa. Nikaona bora ukae hapa uning'inie, nawe ukiukumbuka utakuja unitukane."

"Ulimdhihaki," nikasema. "Ulimwita kaburini mbele ya watu wote."

Mtani alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Sikumwita yeye. Shemeji, miaka yote ile, yeye akisema upo, nani alikuwa anajibu? Nilisimama pale nikakutazama wewe. Nilitaka useme nipo, watu wote wasikie kwamba nyumba ile bado ina mtu. Ukainuka ukaingia ndani. Nikabaki mimi na kofia ya watu kichwani."

Karanga alizokwisha bangua zilikuwa kwenye ungo kati yetu, nikazitazama hizo. Ilinijia kwamba mtu huyu naye alikuwa anarudi kila jioni kwenye nyumba isiyo na mtu, tena alianza zamani kuliko mimi, na mahali pake pa kwenda asubuhi palikuwa kwetu. Tulikuwa tumekaa wapweke wawili, tumetenganishwa na shamba moja la karanga, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze.

Nilirudi nyumbani nikamkamata kuku wangu wa madoadoa, yule anayetaga vizuri, nikampelekea kabla jua halijazama. Alimpima mkononi, akamfunua bawa, akasikitika.

"Babu zenu walimaliza kisima kizima," alisema, "halafu ndiyo kuku mnayetoa huyu."

Nilikuwa nimemweleza habari za mjohoro, na asubuhi alikuja na maksai wawili, kamba ndefu ya katani na panga. Waya alikuwa ameuvaa shingoni. Alitaka kushika chenso yeye, akasema ni kazi ya mwanamume. Nikamuuliza amewahi kuitazama inavyofanya kazi au alikuwa anakuja kunywa chai tu. Akakubali kwamba alikuwa anakuja kunywa chai. Basi nikamwambia ukutani ndipo pake, na ndala zile avue, avae viatu vya kufunga.

Hatukuwa na haraka. Matawi ya upande wa nyumba aliyapunguza akiwa chini, kwa panga alilolifunga kwenye ufito mrefu. Alirusha jiwe lenye kamba mpaka likapita kwenye panda ya juu, tukakaza, maksai wakavuta kuelekea shamba la mihogo lililokwisha vunwa, mpaka mjohoro ukaanza kuacha kuiegemea nyumba. Kamba tukaifunga kwenye shina la mwarobaini mwisho wa shamba, mbali kuliko urefu wa mti wenyewe, maksai wakaondolewa. Nikatazama juu kama kuna tawi kavu linaloning'inia. Nikafyeka njia ya kuondokea, ya mshazari kwenda nyuma, na waya nikaupitisha upande mwingine nisije nikajikwaa. Mtani alitazama haya yote kimya, na kwa ninavyomjua alikuwa anakusanya vichekesho vya msiba wangu.

Nikachukua mahali pangu. Nikafunga kofia yenye mkwaruzo. Nikainua kichwa.

"Upo?"

Yule mzee alikuwa amesimama barazani wima, mkono kwenye swichi, macho kwangu, kama alivyofundishwa. Akajibu kwa sauti kubwa, "Sipo. Nimepeleka mizigo ya babu yako pwani."

Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia. Nililazimika kuweka chenso chini na kuvua miwani, maana haikuwa kicheko tu, yalikuwemo na machozi, yale ya kwenye mkeka ambayo sikuyaruhusu. Nilicheka mpaka nikainama na kushika magoti. Yeye hakucheka. Alingoja, mkono haukutoka kwenye swichi.

Nilipojifuta na kuvaa miwani tena niliita mara ya pili. Akainua mkono wa kushoto.

"Nipo, shemeji."

Nilikata mdomo wa shina kwanza, ule upande wa shamba, robo ya unene, kipande kikatoka kama kipande cha tikiti. Kisha nikahamia nyuma, nikaanza mkato wa pili juu kidogo ya ule wa kwanza, taratibu, chenso ikinguruma sawasawa kwa sababu waya ulikuwa ni ule wake. Katikati nikaachia kidole na kugongomea kabari mbili za mninga alizochonga mume wangu, maana za chuma zinaua mnyororo. Nikaendelea. Mikato miwili haikutani, inaacha ukanda wa mti usiokatwa, na ukanda ule ndio bawaba, ndio unaoushika mti mkono na kuuonyesha pa kulala. Nilisikia mlio wa kwanza, mdogo, kama mlango wa kabati. Nikaachia kidole, nikaweka chenso chini, nikaondoka kwa njia yangu bila kukimbia. Nyuma yangu nilisikia swichi inazimwa.

Mjohoro ulilala kwenye mihogo, pale pale tulipouambia. Vumbi lilipotulia, ukuta wa chumba changu ulikuwa mweupe kwa jua, na mtani alikuwa bado amesimama mkono kwenye swichi, hajui kama ameruhusiwa kuondoka.

Tulikunywa chai. Alifunua sufuria bila kuuliza, akakuta halina kitu, akanilaumu. Tulikubaliana maksai warudi kuvuta magogo. Alipoinuka alichomoa plagi ya ukutani, akaanza kuuviringa waya wa machungwa, duara pana pana, mpaka mwisho wake. Nilidhani anautundika kwenye msumari wake. Akauvaa shingoni na kushuka barazani.

"Unakwenda wapi na waya wangu?" nikamuuliza. "Nimeukomboa jana."

"Jana umekomboa wa msiba," alisema bila kugeuka. "Huu nimeukamata leo. Ukitaka kukata kuni, unajua ulipo."

Nilisimama pale nikamtazama anavuka shamba la karanga na ule mduara wa machungwa mgongoni, maksai mbele yake. Chenso haikati bila waya, na waya hautoki bila yeye kuja nao. Kuku wangu walikuwa wanachakura kwenye majani ya mjohoro. Nikawatazama mmoja mmoja, nikamchagua wa kumpelekea.